Katibu, Mbona Mimi Sijapata?

Uchaguzi wa chama chetu cha waliosoma shule moja ya sekondari ukifika, uenyekiti hugombewa kwa wapambe na fulana. Uweka hazina nao una wagombea wake, tena wengine wana sababu zao. Ukatibu haugombewi. Ukatibu humwangukia mtu aliyechelewa kufika kikaoni, na akishaupata hapokonywi mpaka afe au ahamie mkoani.

Katiba imeiandika kazi yenyewe kwa maneno mawili: kuwajulisha wanachama. Aliyeyaandika alikuwa na wanachama arobaini akilini, wote wakifanya kazi Posta na kukutana mchana kwenye wali maharage. Leo daftari lina majina 1,200. Wapo Bukoba, wapo Mtwara, wapo Muscat, wapo Minnesota wanaokwenda kulala sisi tukiamka. Na notisi ya mkutano mkuu ikishatoka, hao wote wana swali moja: "Katibu, mbona mimi sijapata?"

Kabla hujanishauri WhatsApp, tulia. Grupu la WhatsApp linachukua watu 1,024, kwa hiyo itabidi kamati ikae iamue nani abaki mlangoni, na kamati yetu ikikaa kuamua jambo kama hilo hatutakuwa na chama tena. Na hao walioingia je? Notisi ikibandikwa saa mbili asubuhi, saa nne imeshafunikwa na maua ya "asubuhi njema", Ijumaa Karim za watu watatu, dawa ya kitunguu saumu inayotibu presha, sukari na wivu, na video ya ng'ombe anayepanda ngazi. Mtu wa kupekua mpaka aifikie notisi hayupo, na ng'ombe kila mtu kamwona.

Ujumbe mfupi wa simu nao una herufi 160. Jina la chama likiandikwa lote, kama Mwenyekiti anavyotaka, ukaongeza "Ndugu Mwanachama" na "Imetolewa na Ofisi ya Katibu", umeshamaliza sehemu kubwa na hujasema mkutano ni lini. Ukichomeka kikatuni kimoja cha kucheka, nafasi inashuka ghafla hadi herufi 70, na ujumbe uliodhani ni mmoja unalipiwa kama mitatu. Hicho kikatuni, kwa taarifa yako, Mwenyekiti anakitaka pia.

Katibu aliyenitangulia alitumia Gmail ya kawaida, ambayo kwa siku inakuruhusu watu 500, basi. Anwani alizipanga pale juu kabisa, kila mtu akamwona mwenzake. Wa kwanza akawajibu wote: "Nimepokea, asante." Wa pili: "Amina." Wa tatu akasoma Amina bila kusoma kilichotangulia, akauliza nani kafariki. Kuanzia hapo zikawa rambirambi. Kufika jioni kulikuwa na mtu anayekusanya michango, na mtu mwingine anayelalamika kwamba marehemu alikuwa na deni lake.

Ugonjwa huu hatukuuanzisha sisi. Mwaka 1978 Gary Thuerk, mtu wa masoko wa kampuni ya kompyuta ya Digital Equipment Corporation huko Marekani, aliwapelekea watu wapatao 400 wa mtandao wa ARPANET tangazo moja la kompyuta mpya. Anwani zilipigwa kwa mkono, moja baada ya nyingine, mpaka zikafurika na kuingia kwenye mwili wa barua. Wapokeaji walimjia juu, akakaripiwa asirudie. Historia inamwita baba wa barua taka. Mimi naona kidole cha katibu mwenzangu.

Kwa hayo yote kamati ikaniagiza nitafute huduma ya kutuma barua pepe kwa wingi, tena nafuu. Mama Mweka Hazina ni mkaguzi wa hesabu mstaafu, na katika lugha ya wakaguzi wastaafu nafuu ina tafsiri moja.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Umepata ya bure?"

Ya bure ipo, sitamdanganya mtu. Brevo ya Wafaransa, ile iliyoitwa Sendinblue mpaka mwaka 2023, inakupa barua 300 kwa siku bila senti tano. Majina 1,200, barua 300, siku nne. Hesabu imekaa vizuri mpaka unapoyapanga majina kwa alfabeti. Jumatatu wanapata kina Abdallah. Jumanne kina Juma na kina Kimaro. Herufi M katika nchi hii ni taifa linalojitegemea: Massawe, Mbwana, Mchome, Mushi, Mwaipopo, na bado hujaingia kwa Mwaki na Mwaka, hao wanaijaza Jumatano nzima. Zuberi anapata Alhamisi. Sasa Zuberi ana shemeji anayeitwa Abdallah. Jumatatu usiku kwenye chakula ameshaambiwa kuna mkutano, na siku tatu zinazofuata anaamini kwa dhati kwamba kamati inamtenga kwa sababu alihoji fedha za tamasha. Ijumaa nilikuwa na barua yake ya malalamiko, imegongwa mhuri. Mhuri aliupata wapi, sijui.

Nikageukia za kulipia, na huko ndiko nilikojua kuna namna mbili za kukuchaji. Kuna wanaohesabu barua unazotuma, na kuna wanaohesabu majina uliyonayo, utume usitume. Mailchimp, iliyoanzishwa Atlanta mwaka 2001 na kununuliwa na Intuit mwaka 2021 kwa takribani dola bilioni 12, vifurushi vyake vya mwezi huenda kwa majina. Zamani cha bure kilibeba majina 2,000, kisha kikashushwa hadi 500. Na tangu 2019 hesabu inawajumuisha hata waliojiondoa, mpaka wewe mwenyewe uwahamishie kwenye kumbukumbu. Ni biashara yao na bei wameiweka wazi. Nilichokosea adabu ni kumsomea Mama Mweka Hazina bei hiyo kabla hajanywa chai.

"Yaani mtu amesema hatutaki, na bado tunamlipia?"

"Ndiyo mama."

"Na waliofariki?"

Hapo nikanyamaza. Daftari letu lina marehemu wa kutosha, maana jina la mtu kulifuta linahitaji kikao, na kikao kinahitaji akidi, na akidi ndiyo hao marehemu. Mama akavua miwani. "Marehemu halipi ada, mwanangu. Kwa nini sisi tumlipie?"

Ilibidi lisafishwe daftari, na hapa naomba msomaji anihurumie kidogo. Safu ya "barua pepe" katika fomu za chama imejazwa na binadamu. Kuna gmail.con. Kuna yaho.com. Kuna aliyeandika namba ya simu, kuna aliyeandika S.L.P., kuna aliyeandika "haina haja". Mmoja, mtu mzima na shahada zake mbili, ameandika: "ileile ya zamani". Dada mmoja yumo mara tatu, kwa jina la shuleni, kwa jina la ndoa, na kwa jina la baada ya shahada ya uzamivu, na mara zote tatu anadaiwa ada. Wapo walioandika anwani ya ofisini, kisha ofisi ikapunguza wafanyakazi, na anwani ikafuata wenyewe. Barua ukizipeleka huko zinarudi, na zikirudi nyingi mno, mwenye huduma anakusimamisha akidhani wewe ni tapeli uliyeokota majina barabarani. Anawaza vibaya, lakini ukilitazama daftari lenyewe humlaumu.

Nikapashwa habari za punguzo. Vyama visivyo vya kibiashara Mailchimp huvipunguzia 15%, MailerLite iliyoanzia Lithuania 30%. Wanachotaka ni cheti cha usajili tu. Cheti chetu kimo ndani ya fremu yenye kioo, na fremu iko ukutani sebuleni kwa Mwenyekiti, kati ya picha yake ya harusi na saa ya ukutani yenye picha ya Kaaba. Kukitoa kwenye fremu amekataa; anasema fundi aliyeibana alikuwa wa Keko na sasa hayupo. Nikaruhusiwa kupiga picha palepale ukutani. Kioo kikarudisha mwanga. Kila picha niliyopiga ina jina la chama, namba ya usajili, na mimi katikati nimeshika simu. Nilimpelekea kijana wa huduma kwa wateja ile iliyokuwa afadhali. Akajibu kwa upole kwamba angependa kuiona hati bila mtu.

Kijana mmoja wa kamati, wale wanaokuja kikaoni na kompyuta yenye stika, akasema tunahangaika bure: Amazon wana huduma inaitwa SES, bei yake senti kumi za dola kwa barua elfu moja. Mama Mweka Hazina alinyanyuka kitini. Alipiga hesabu kwenye bahasha akakuta notisi nzima ya mkutano mkuu, wanachama wote, haifiki bei ya maandazi mawili. Kwa dakika kadhaa yule kijana alikuwa mwenyekiti mtarajiwa.

Na kweli bei ndiyo hiyo. Tatizo ni kwamba kinachouzwa kwa bei hiyo ni bomba tupu. Akaunti mpya wanaiweka kwanza kizuizini: barua 200 kwa siku, na ni kwa anwani ulizozithibitisha tu, mpaka uombe ruhusa na ueleze wewe ni nani na unataka kumwandikia nani. Pa kuandikia barua hakuna, pa kuwekea picha ya Mwenyekiti hakuna. Utafute programu ya kuweka juu yake, na hizo zipo, phpList ni ya bure, Sendy unainunua mara moja kwa dola 69, lakini zinataka seva, seva inataka mtu wa kuiangalia, na mtu wa kuiangalia ni yule kijana wa stika, ambaye wiki hiyohiyo alipata kazi Nairobi. Andazi limebaki mezani, mpishi hayupo.

Wenye huduma, karibu wote, wakanirudisha kwenye jambo jingine: kutuma barua ya chama kwa anwani ya Gmail hakufai tena. Tangu Februari 2024 Google na Yahoo wamekaza kamba. Anayepeleka barua 5,000 na zaidi kwa siku kwenye Gmail lazima awe na kikoa chake kilichothibitishwa kwa vitu vitatu vinavyoitwa SPF, DKIM na DMARC, na aweke kitufe cha kujiondoa kwa kubonyeza mara moja. Sisi 5,000 tutazisikia kwa jirani, ila hizi huduma zinatuma za maelfu ya vyama kwa pamoja, kwa hiyo zinatudai yaleyale.

Kikoa tunacho, kinaishia na .or.tz, na ada yake tunalipa. Nenosiri lake liko kwa yule katibu wa rambirambi. Alipouacha ukatibu aliondoka na vitu vitatu: mhuri wa zamani, kitabu cha risiti, na nenosiri. Kumpigia simu alikuwa hapokei. Ilibidi utumwe ujumbe wa wazee wawili, wakaenda kwake Mbagala Jumapili mchana, wakala ubwabwa, wakazungumza siasa, wakazungumza mpira, na jioni wakiwa wanatafuta viatu mlangoni mmoja wao akasema, kama mtu aliyekumbuka ghafla: "Hivi mwanetu, kuna kineno fulani Katibu anakihitaji." Kilikuja kimeandikwa nyuma ya kadi ya mchango wa harusi. Kilikuwa jina la mke wake wa kwanza na mwaka, na wazee wakakubaliana palepale kwamba hawakukisoma.

Baada ya hapo kuweka DKIM ilikuwa kama mchezo. Wanakupa mstari mmoja mrefu wa herufi na tarakimu zisizosomeka, unaubandika kwenye mipangilio ya kikoa, unasubiri. Mwenyekiti alisimama nyuma yangu akitazama ule mstari na mikono mgongoni.

"Huo si namba ya akaunti?"

"Hapana mzee. Ni saini ya chama."

"Saini ya chama ni yangu."

Nikamwambia ndiyo, hii inaisaidia tu. Akaridhika.

Malipo ya huduma tuliyoichagua ndiyo yaliyotaka kuniua. Akaunti ya chama inatoa fedha kwa saini tatu, na kwenye ukurasa wa kulipia hakuna mahali pa saini tatu, kuna mahali pa namba za kadi. Nikalipa kwa kadi yangu ili nirudishiwe. Risiti ikaja kwenye barua pepe, nikaichapisha, nikaipeleka kwa heshima zote. Mama akaigeuza huku na huku kama noti ya mashaka.

"Hii ni nini?"

"Risiti mama."

"Ya EFD iko wapi?"

Nikaeleza kwamba kampuni iko Ulaya, haina mashine ya EFD. Akasema kampuni isiyo na mashine ya EFD yeye alikuwa anaifungia faili. Mpaka ninapoandika, hela yangu inaitwa "suala linaloendelea kuangaliwa".

Sijakuambia habari ya mwanachama wa viwanja. Kila chama kinaye. Yeye anauza viwanja Kigamboni, vimepimwa, hati mkononi, umeme unapita karibu. Aliposikia nimesafisha daftari alinipigia siku hiyohiyo, kwa sauti ya mapenzi ambayo kwenye ada hana: "Kaka Katibu, hebu nirushie hilo faili, niwasalimie wanachama." Nikamtolea Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inayosema taarifa ya mtu uliyoichukua kwa jambo moja si ya kupeleka kwenye jambo jingine pasipo ridhaa yake. Sikuwahi kuipenda sheria ya Bunge kama nilivyoipenda hiyo. Akanyamaza kidogo, akauliza kama ofisi ya katibu ingehitaji kiwanja.

Mwenyekiti naye amegundua takwimu. Huduma hizi zinakuonyesha asilimia ya waliofungua barua, na tangu aione, hotuba zake zimebadilika. Sasa anatuambia amesomwa na wengi kuliko gazeti. Nilijaribu kumweleza kwamba tangu 2021 programu ya barua ya simu za Apple inaweza kuzifungua picha za barua yenyewe kimyakimya, mwenye simu akiwa amelala, kwa hiyo namba hiyo haina uhakika. Akanitazama kama mtu aliyenunuliwa na upinzani. Mwenye kutaka kujua nani amesoma aangalie nani amelipa. Hapo asilimia inajulikana, na haihitaji programu.

Nilichoshauri mwisho, na kamati ikapitisha Mama akiwa amekunja uso lakini mkono ameunyoosha, ni huduma ya kuhesabu barua, tena si ya mwezi. Tunaandika jarida mara nne kwa mwaka na notisi ya mkutano mara moja; kulipia mwezi ambao hatukusema neno ni kulea mtoto wa jirani. Ziko zinazouza barua kwa malipo ya kabla na salio halifi. Brevo wanayo hiyo. Nilihangaika nusu saa kueleza mpaka nikamwambia Mama ni kama LUKU, unanunua uniti, ukizima taa zinabaki. "Ungesema hivyo toka asubuhi," akasema, akafunga daftari. Kama chama chako kinaandikia watu kila wiki, ushauri wangu haukufai, kalipie cha mwezi. Na kama mnaye kijana wa kompyuta asiyetafuta kazi Nairobi, chukueni bomba la senti kumi, mtaokoa. Kwa vyama vya namna yetu, vyenye majina mengi na maneno machache, kulipia kwa majina ni hasara, na cha bure kinawaletea akina Zuberi.

Sasa wanachama wenzangu mnaosoma hapa, maana najua barua hamsomi. Anwani ikibadilika, nipeni mpya, na "ileile ya zamani" si anwani. Barua ikikosekana, tazameni kwanza kwenye folda ya barua taka kabla hamjanipigia saa tano usiku. Na tafadhali sana, mtu akichoka na sisi asibonyeze kwamba ni taka. Google wanataka malalamiko ya namna hiyo yasifike 0.3%, ambayo kwa watu elfu moja ni watatu. Na watatu wenye hasira katika chama hiki ninaweza kuwataja kwa majina nikiwa usingizini. Wakibonyeza wao, notisi ya kila mtu inaingia jalalani. Kiungo cha kujiondoa kipo mwisho kabisa wa barua, bonyeza mara moja, hutaulizwa kitu, hutasumbuliwa tena. Kinafanya kazi, nimekijaribu mwenyewe. Ada ya mwaka jana hakifuti.